Hatua Thelathini na Mbili

Jumamosi, 3 Mei

Nimekificha! Kificho changu cha tisa katika mchezo wetu wa kuficha na kutafuta vitu kwa namba za ramani, na ndicho kizuri kuliko vyote. Kikopo cha kuhifadhia lenzi, kile cha mfuniko wa kuzungusha. Nilikizamisha kwenye ndoo jikoni nusu saa, hakikuingiza hata tone. Mume wangu alisimama mlangoni akanitazama, akasema yeye alioa fundi miwani, hakuambiwa kuna na haya. Ndani nimeweka daftari dogo, penseli iliyochongwa na kifungo cha shaba, atakayekipata akichukue na kuacha kitu chake.

Mahali: ukuta wa nyuma wa kile kiwanda cha sabuni kilichofungwa. Upande wa nje, kwenye njia ya miguu. Kuna tofali moja limelegea, la nne kutoka chini. Unalivuta, kopo hili hapa, unalirudisha. Mpita njia hawezi kujua kitu.

Mlinzi alinikuta. Kaniuliza natafuta nini, nikasema naangalia ndege. Hakuamini. Akanionya, "Ndani usiingie, mama. Kuna matangi ya chini kwa chini, yamezibwa kwa mbao tu." Nikamwambia mimi ndani sina shida napo. Lakini hakuondoka, akawa ananifuata nyuma nyuma. Kwa hiyo namba za mahali nimezichukua mara moja tu, nimeegemea ukuta, kinukta kwenye simu bado kinachezacheza. Inatosha.

Jumatatu, 5 Mei

Kimetangazwa kwenye ramani leo asubuhi. Nimekiita "Safi kwa Nje". Nadhani ni jina la kijanja.

Jioni nimewafundisha wageni wa kundi letu la simu jinsi ya kuficha. Sheria zangu ni zilezile: penseli na si kalamu, maana wino ukilowa hufutika. Omba ruhusa kwa mwenye mahali. Usifukie. Na namba — simama tuli dakika tano, jitenge na ukuta na mabati, chukua mara tatu kwa siku tofauti, kisha tafuta wastani. Wamenishukuru sana. Mwenyekiti kaandika, kwa jina langu la kundini: "Msikilizeni Lenzi, huyu hana kubahatisha."

Mganga hajigangi. Nimejicheka mwenyewe.

Jumapili, 11 Mei

Wanne wameshindwa! Dereva wa lori kazunguka saa nzima akaambulia miiba. Kaniandikia: "Lenzi, hicho kitu umekificha au umekila?" Nimecheka mpaka chai imenipalia.

Kisha mwenyekiti kakumbusha habari ya kofia. Kificho kikimaliza siku thelathini bila kuonekana na mtu, mwenye nacho anavishwa kofia kwenye mkutano wa tarehe saba Juni. Kofia yenyewe imechakaa, ukingo umetoka nyuzi. Dereva wa lori ameivaa miaka miwili, hata sokoni anakwenda nayo.

Naitaka. Si lazima nimwambie mtu, lakini humu naandika: naitaka ile kofia. Siku ya thelathini ni tarehe nne.

Alhamisi, 15 Mei

Kobe kaja dukani kuchukua miwani yake. Tunamwita Kobe kwa sababu haendi haraka, na pia kwa sababu hufika. Posta miaka thelathini na mmoja, barua mkononi, baiskeli ileile. Amestaafu, mkewe alishatangulia, anaishi peke yake. Vificho zaidi ya mia sita na hajawahi kuacha kimoja nyuma. Simu haipendi, herufi ni ndogo. Namba anazinakili kwa penseli kwenye daftari lake, kisha anaziingiza kwenye kile kidude chake cha setilaiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenitesa wewe! Nimekwenda mara mbili, kidude kinanipeleka ndani ya ukuta. Namba zako ni za uhakika?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi nakata lenzi kwa nusu milimita."

Kacheka. "Basi ubovu ni wa macho yangu. Barua haimkosi mwenyewe ikiwa anwani ni sahihi."

Nikamvalisha miwani. Ni ya lenzi mbili, juu ya mbali, chini ya kusomea, mara yake ya kwanza. Nimemwonya kama ninavyowaonya wote: wiki mbili hizi asiiamini ardhi. Ukiinamisha macho unatazama kwa ile lenzi ya chini, ardhi inaonekana karibu kuliko ilivyo. Ashuke ngazi polepole. Kasema yeye kila kitu ni polepole.

Ameondoka. Sikuipenda ile kauli yangu ya nusu milimita. Sijui kwa nini, sikuipenda.

Jumatano, 21 Mei

Mwalimu wa hisabati kaniandikia pembeni, si kwenye kundi. Kwa heshima zote. Anasema anadhani namba zangu zimehama, kwake zinaangukia ndani ya uwanja wa kiwanda. Nimekasirika. Mgeni wa juzi huyu!

Saa ya chakula nimekwenda. Nimesimama penye tofali langu, nikajitenga na ukuta, dakika tano, mara tatu. Kisha nikafuata zile namba nilizozitangaza, kama ambavyo angezifuata mtu mwingine. Simu ikanipeleka kwenye pengo la ukuta. Nikapita. Majani yanafika magotini. Nikahesabu hatua.

Ya thelathini na mbili mguu ukagonga mbao.

Ikalia, chini yake kuna uwazi. Harufu ya sabuni ya zamani ikapanda na kitu kingine kibovu. Nikarudi nyuma kwa nyayo zangu mwenyewe, moja moja. Huko langoni nikasikia redio ya mlinzi ikiimba. Niliporudi kazini nikaharibu lenzi ya mteja.

Ni ule ukuta na mabati. Mawimbi ya setilaiti yanagonga na kurudi, simu inadanganyika. Najua. Nafundisha!

Kurekebisha ni kubonyeza mara mbili tu. Lakini ukirekebisha, taarifa inakwenda kwa kila mtu: mwenye kificho amebadilisha namba. Siku zinaanza kuhesabiwa upya. Na wataniuliza — Lenzi, ulichukua mara ngapi?

Wengi wameshakata tamaa, hakuna anayekwenda tena huko. Nitarekebisha kesho.

Ijumaa, 23 Mei

Sijarekebisha. Kazi nyingi. Siku ya kumi na nane leo.

Jumamosi, 24 Mei

Kobe kaandika kwenye kundi, na yeye huandika mara moja kwa mwezi: "Jumatatu asubuhi narudi. Safari hii naingia ndani nikitafute vizuri." Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti kasema akikipata, kofia ni yake papo hapo.

Niliandika: Mzee, usiingie ndani. Nikaitazama. Nikaifuta. Ningesema kwa nini asiingie? Mbele ya watu sitini?

Mume wangu kaniuliza mbona naishika simu kama chungu cha moto. Nikamweleza yote. Akaacha kula. Akasema, "Mpigie mzee wa watu sasa hivi. Kofia kitu gani?" Nikamjibu vibaya. Nimemwambia yeye haelewi maana ya kujulikana kwa kitu kimoja tu, kisha ukakosea hichohicho kikakuondoka. Baadaye kaosha vyombo peke yake, kwa kelele.

Nitampigia kesho.

Jumapili, 25 Mei

Nimempigia. Haikupokelewa. Nimepiga mara moja.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nzito! Nimeshukuru. Mzee mwenye akili zake hawezi kutoka na baiskeli katika mvua hii. Saa nne ikakatika, jua likatoka kali, barabara ikawa inafuka mvuke.

Nimetazama ukurasa wa kificho kila nusu saa. Kobe akikosa, huandika humo siku hiyohiyo: sijakiona, nitarudi. Hajaandika.

Basi hakwenda.

Jumanne, 27 Mei

Hajaandika.

Jumatano, 28 Mei

Saa tatu na nusu kaingia mwanamke dukani na bahasha yenye jina la duka letu. Sura ile ile, kidevu kilekile. Binti yake Kobe.

"Samahani, dada. Baba yangu alichukua miwani hapa. Hajapita kuirekebisha juzi au jana?"

Nikasema hajapita.

Simu yake haiiti tangu Jumatatu, anasema. Nyumbani mlango umefungwa, paka analia ndani, baiskeli haipo. Alidhani labda miwani mipya imemsumbua, amekuja huku akakaa kungoja. Alikuwa anaongea huku anapanga fremu za kwenye meza yangu, moja moja, zikae sawa. Nilitaka kumshika mkono.

Nikasema, "Labda amesafiri."

Mdomo wangu huu. Nimesema labda amesafiri.

Kashukuru! Kaniachia namba yake ya simu. Alipotoka nikaingia chumba cha nyuma, nikafungua ukurasa wa kificho, nikaweka namba sahihi. Bonyeza, bonyeza. Kundi zima limepata taarifa. Mwalimu wa hisabati kaandika neno moja tu: asante.

Sasa ramani ni safi. Yeyote atakayetazama leo ataona namba nzuri, nje ya ukuta, penye tofali la nne. Nimelifikiria hilo kabla ya kumfikiria mzee. Mungu anisamehe.

Mume wangu hajaniuliza kitu. Ameweka viatu vyangu vya kutembelea karibu na mlango.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika hapahapa. Nimekaa juu ya tofali, mgongo kwenye ukuta, daftari kwenye goti.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Baiskeli ipo. Ameiegemeza vizuri kwenye pengo, kaifunga kwa mnyororo, kiti kakifunika kwa mfuko wa nailoni mvua isikilowe. Kiti chenyewe kikavu kabisa.

Nikahesabu hatua. Niliishia ya ishirini na tano. Mbao mbili hazipo, na nyasi zimelala kuelekea kule. Nikaita, "Mzee!" Nikaita tena. Nikalala kifudifudi nikaita. Maji. Nilisikia maji, au mshipa wa sikio langu.

Nikapiga simu ya uokoaji. Nikapiga kwa binti yake — nimesema tu njoo kiwanda cha sabuni, mama, njoo. Nimemwita mama, mtu wa rika langu.

Mlinzi kaja mbio amevaa kiatu kimoja. Kashika kichwa. Anasema Jumatatu alasiri alisikia kitu kinagonga, ngo ngo ngo, kinakaa, kinagonga tena. Jumanne pia. Alidhani ni mabati yanacheza na upepo. "Jana je?" nikamuuliza. Jana, anasema, hakukuwa na upepo.

Waokoaji wanne. Wamefunga kamba kwenye gari lao. Mmoja ameshuka. Kamba inakwenda, inasimama, inakwenda. Wa juu wanaongea naye kwa redio na wamegeuka ili nisisikie. Binti yake amefika. Hakulia. Amesimama kando ya baiskeli amekishika kile kiti. Mara moja kanitazama na kuniuliza, "Alikuwa anafuata nini huku?" Kabla sijafungua mdomo, mkubwa wao akamwita pembeni.

Sasa mkubwa huyo kaja kwangu. Mkononi ana daftari la Kobe, walilipata kwenye mfuko wa baiskeli. Limelowa upande mmoja. Ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa penseli, herufi kubwa za mtu wa posta: Safi kwa Nje. Namba zangu, zile za kwanza, tarakimu kwa tarakimu, amezipigia mstari. Na chini yake: Namba ni za uhakika. Ubovu ni macho.

"Mama," ananiambia, "hizi namba unazijua ni za nini? Huyu bwana inaonekana alikuwa anazifuata. Tunataka kujua nani kampa."

Nikamwambia ngoja nivae miwani.

Miwani ipo usoni.

Anasubiri. Kanishikisha daftari, kaniomba basi angalau nimnakilie zile namba kwenye karatasi yangu kabla lile daftari halijaharibika, na ndiyo maana hajashangaa kuniona naandika. Anadhani nanakili. Binti anakuja huku, anataka kuona mwandiko wa baba yake. Kule shimoni redio imekoroma, mmoja kapiga kelele "Machela! Leteni machela!" — machela ya mzima au ya nini, hawasemi — na mkubwa kageuka, kisha kanigeukia tena, kanyoosha mkono.

Anasema, mama, soma tu kwa sauti hayo uliyoandika, mimi nitaandika