Roboti ya Landry na paja la Radjabu

Zubeda, uko? Mi natoka hospitali, niko hapa cyber, nakuandikia kwa hasira.

Landry, ule enjenia aliyerudi kutoka Ulaya, leo ameleta roboti yake ya kukanda misuli. Mukono wa chuma, eti utatibu wachezaji wote wa hapa mujini Buja! Amealika wakubwa na wapiga picha. Mi mukandaji wa timu kwa miaka kumi, nikawekwa nyuma nigawe Fanta.

Akamulalisha Radjabu, golikipa wa timu yetu ya mutaa wa Buyenzi. Nikasema, "Landry, ngoja. Huyu ana kipande cha bomu, grenade, ndani ya paja tangu mwaka jana. Hapo hapakandwi."

Unajua amenijibu nini? "Madame, mashine inasoma misuli yenyewe."

Inasoma! Zubeda, INASOMA!

Ikashuka palepale. Radjabu akalia mupaka wakubwa wakasimama. Landry anabonyeza vifungo, roboti inazidi tu kukandamiza. Mi ndiye niliruka viti nikachomoa waya.

Daktari anasema kipande kimesogea, lakini mushipa mukubwa haukuguswa. Atatembea. Kama atadaka mpira tena, daktari mwenyewe hajui.

Na huyo bwana Landry ametufuata mupaka hospitali. Nilifikiri anakuja kuomba musamaha. Apana! "Madame, uje unionyeshe mahali pa kugusa, mashine ijifunze kwako."

Nikamuuliza, "Yule uliyemuumiza anaitwa nani?"

Akafungua daftari lake. Akatafuta, akageuza ukurasa, akatafuta tena. Halafu akanisomea, bila haya: "Paja la kuume, mutu wa kwanza."