Sauti Yako Imo Ndani ya Diski

Sauti yako imetoka kwa diski, Baba Nekesa. Wale watu wa ng'ambo wanaosafisha sinema za kitambo na kuziuza upya wameweka maneno yako ndani. Ukibonyeza rimoti, sinema inaongea Kiswahili, na anayeongea ni wewe. Msichana wetu ndiye aliwapelekea ile kaseti. Nilizaa, bana, sikucheza.

Sasa nikusalimie. Huku Bungoma tuko salama, mvua imenyesha, na maua ya kaburi lako yameshika.

Unakumbuka ukumbi wetu wa sinema kule Kitale, nyuma ya duka la Mhindi wa vitambaa? Wasimulizi wenzako walikuwa wanaonyesha mateke na bunduki. Wewe ukaleta hii iliyo kwa diski sasa, ya nyeusi na nyeupe, kijana anatembea kwa barabara tupu mpaka watu wakalalamika, "Kanda imekwama hiyo!" Ukawajibu, "Haijakwama. Huyo anafikiria. Kwani wewe ukifikiria huwa unaruka?"

Kijana alishika kengele. Lugha ya sinema hiyo hukujua hata neno, lakini kwetu kijana mwenye kengele ni mmoja tu: anaenda kwa mjomba kuitisha ng'ombe kabla ya kutahiriwa. Ukasimulia hivyo. Mjomba alipofunga mlango, wanaume walisimama kwa mabenchi wakaanza kutukana ile shuka ya sinema ukutani. Ndugu yako Wafula aliwashinda wote: "Mjomba mchoyo wewe! Huyo si mtoto wa dada yako?" Mimi nilikuwa mlangoni nauza njugu, machozi yananitoka.

Nekesa aliposomea mambo ya sinema akaniambia, "Mama, yule ni kijana wa kanisa tu, amepeleka habari ya msiba." Akadhani nitaona aibu. Aibu ya nini? Mlango si ulifungwa? Mtoto si alibaki nje? Hata hao wa ng'ambo walimwambia hawatagusa neno lako hata moja.

Ile kaseti ulijirekodi ili ukienda Suam mpakani kununua mahindi, sinema isikose msimulizi. Hukujua utaenda mbali kuliko Suam.

Sasa vita ni hapa nyumbani. Nataka kuwaonyesha watu sinema yako hapa bomani, Wafula amekataa. Ati sauti ya mtu aliyezikwa haichezwi bomani, itaita wengine kaburini. Ati mimi wa darasa la saba nimejifanya profesa wa sinema. Ameapa siku ya kuionyesha atafunga lango watu wasiingie. Nikamwambia mbele ya wazee, kwa heshima zote, "Funga, shemeji. Lakini ukifunga, ujue wewe ndiye yule mjomba."

Mzee mmoja alicheka ndani ya kofia yake.

Nyumba hii imenyamaza sana tangu uende. Sauti yako siiogopi. Naogopa kuisahau. Kwa hivyo shuka ni ile ile ya Kitale, nimeipiga pasi. Madirisha nitayaziba kwa blanketi, na njugu nitakaanga mwenyewe, za bure. Watu wa Malakisi wamesema watafika, na mwenye duka la vitambaa anakuja na wajukuu. Kiti cha mbele kabisa ni cha Wafula, na hapo hakai mtu mwingine.

Lango litakuwa wazi. Wewe utasema, sisi tutasikiliza.

Mimi mkeo,
Mama Nekesa

Ni Jumamosi hii, watu wakishakula chakula cha mchana. Waje wote.