Beringi za Seramiki na Radhi ya Mama

Jumatano, Shella, hapa Malindi. Mvua ya mwaka imeshika tangu alfajiri, nguo za juzi bado mbichi kwenye kamba. Nimechoka, tena nina hasira, na hasira yenyewe naona haya kuisema mbele za watu. Kwa hiyo naiandika hapa.

Gari linavuma. Si injini, ni gurudumu la mbele, upande anaokaa Mama. Lilianza taratibu, kama mtu anayeguna chumba cha pili. Leo tukirudi kutoka hospitali Kilifi lilivuma hata kisomo cha redioni hakikusikika.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: figo za Mama zimegoma. Mara mbili kwa wiki nampeleka Kilifi akasafishwe damu kwa mashine, kisha namrudisha nyumbani Malindi. Gari hili kuukuu likilala, na yeye amelala.

Tulipofika, fundi Karisa aliliinua kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Likacheza.

"Beringi imekwisha, dada. Chumvi imeingia ndani. Usimpakie mama tena kabla hatujaibadilisha."

Nikamwandikia kaka yangu mkubwa, Swaleh, aliye Arabuni. Jibu lilikuja upesi. Atanunua beringi za seramiki, zile za magari ya mashindano, ampe mtu anayekuja. Haziliki, hazishiki kutu. Mama anastahiki kilicho bora, akasema.

Nakiri nilizitamani. Mama alipolala nilikaa na simu nikisoma habari za beringi hadi jioni, mimi ambaye hata kubadilisha tairi namwita mtu. Nilitaka kiwepo kitu kimoja katika nyumba hii kisichochakaa.

Haya, niseme nilichoelewa, maana najua wako watakaofika hapa wakitafuta beringi tu na hawana haja na machozi yangu. Kwa gari la kila siku, hazifai gharama yake. Gololi za seramiki ni nyepesi na ngumu, na huzunguka kwa ulaini, lakini faida hiyo huonekana kwa mwendo wa mashindano. Mimi nikikaribia kilomita themanini kwa saa Mama huanza kuvuta uradi kwa sauti. Tena katika nyingi zinazouzwa, gololi tu ndizo seramiki. Duara zinamozungukia ni chuma kile kile, na kutu itaanzia hapo. Gari likitumbukia shimoni, gololi ngumu hukiachia chuma alama, na mvumo unaanza upya. Huku kwetu kinachoua beringi ni ule mpira wa kuzuia maji: ukipasuka, mchanga na chumvi vinaingia, na haidhuru ndani umeweka nini. Mafundi wetu nao wengi huipachika kwa nyundo na kipande cha bomba, ikaumia hata kabla ya kutembea. Nunua ya chuma, iliyo halisi, na uipeleke penye mashine ya kuikandamiza mahali pake. Basi.

Ningemwandikia kaka hayo, mambo yakaisha. Lakini si ya beringi yaliyonikaa kooni.

Tangu mwezi uliopita Mama anataka radhi. Kwetu mtu akihisi safari yake imekaribia huwashika watu mikono, mmoja mmoja, awaombe wamsamehe. Amekwenda kwa majirani wote, hata yule waliyenuniana naye kwa ajili ya mfereji wa maji machafu, wakaishia kulia na kunywa kahawa. Mimi alinitaka radhi ndani ya gari, karibu na Gede. "Niwie radhi, mwanangu, nimekusumbua sana." Nilisimama kando ya barabara, nikashindwa kuendesha.

Amebaki Swaleh.

Zamani Mama alimkatalia Swaleh mwanamke aliyetaka kumuoa. Kaka akaondoka bila kuaga, na tangu hapo hajarudi. Anatuma vitu. Ametuma friji, kiti cha magurudumu, na mablanketi mazito ambayo Malindi tunayatandika chini ya godoro. Hakuna mwezi anaotusahau, na hakuna mwezi anaosema atakuja. Nadhani anaamini Mama bado ana kinyongo naye. Mama naye anajua kosa lilikuwa lake.

Leo nilimpa tena simu, nikamwambia azungumze na kaka kwa video, wakionana nyuso. Akaisukuma.

"Radhi haitakwi kwa simu. Mtu humshika mwenziwe mkono. Na wewe usimwambie nduguyo kitu. Akija, aje kwa kupenda kwake, si kwa kuitwa na mgonjwa."

Nimelitii agizo hilo tangu alipoanza kutaka radhi. Lakini leo daktari aliniita kando na kuniambia moyo wa Mama umechoka, nisihesabu miaka. Nikarudi garini nikakaa karibu naye, nikaliwasha, likavuma njia nzima, na yeye hakuniuliza daktari alisema nini.

Muda mchache uliopita nimemtumia kaka sauti. Nimeanza kwa shikamoo, maana hasira isinifanye nikose adabu. Nikasema: beringi usinunue, nitatia ya chuma. Pesa hizo zitie kwenye tiketi. Mama anataka radhi kwako, na hataki kwa simu.

Ameisikiliza. Nimeona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha yakaja maneno matatu: "Yeye, kwangu mimi?"

Nikamjibu, naam, yeye kwako.

Baadaye akatuma sauti. Nimeisikiliza mlangoni, mvua ikinyesha, simu nimeibana sikioni ili Mama asisikie. Hakuna neno ndani yake. Ni mtu mzima analia, na nyuma yake honi za mji nisioujua.

Sijui kama atakuja. Kesho asubuhi Karisa anafunga beringi, na Jumamosi tuna zamu ya mashine. Tukiwa njiani nitamwambia Mama kwamba nimelisema alilonikataza. Akinikasirikia nitanyamaza. Akiuliza kaka amejibu nini, nitampa simu asikilize mwenyewe.