Hujambo? Bonyeza Moja

Jumatatu, 15 Machi 1999

Nimepewa kazi ya maana! Bwana Saifuddin kaniita ofisini kwake. Mimi, mwalimu wa majaribio, ambaye tangu niingie kwenye chuo chake cha kompyuta hapa Kinondoni nafundisha watu kushika kipanya tu.

Zahanati ya Daktari Mehrunissa, kule Msasani, imeweka kompyuta mapokezini. Waya unatoka pale mpaka mezani kwa daktari. Mgonjwa aulizwe na kompyuta, majibu yamtangulie kwa daktari. Maswali ndiyo niyapange mimi, kila jibu na njia yake. Ukisema unakohoa, unaulizwa habari za kikohozi. Hukohoi, kompyuta inaruka. Mwenye jino hasumbuliwi na maswali ya tumbo. Raha iliyoje!

Onyesho Ijumaa. Ikikubali, naajiriwa moja kwa moja. Ikikataa, kasema, tutaachana kwa wema. Yaani narudi saluni kwa shangazi Hamisa kuosha vichwa vya watu. Nimevichoka vichwa vya watu.

Nikakumbuka hata hatujasalimiana. Habari za asubuhi, Bwana Saifuddin? "Salama," macho kwenye karatasi. Siku zote salama, siku zote uso umekunjamana. Sijui ana nini huyu bwana.

Jumanne, 16 Machi

Nimemaliza! Nimeanza kistaarabu, hata kompyuta iwe na adabu. Swali la kwanza: Hujambo? Bonyeza moja, sijambo. Bonyeza mbili, sijisikii vizuri. Mbili inakupeleka kwenye homa, kikohozi, tumbo, jino. Moja inaruka yote hadi mwisho: "Asante kwa kufika. Kwa leo huna haja ya kumwona daktari."

Safi kabisa. Kwa nini kumchosha mtu mwenye afya yake?

Jumatano, 17 Machi

Aibu! Aibu! Ardhi ipasuke niingie.

Tumejaribu na wagonjwa wa kweli. Wa kwanza kijana mmoja kajifunika kitenge cha mkewe, anatetemeka mpaka kiti kinagonga ukuta. Hujambo? Akabonyeza moja. Asante kwa kufika. Akainuka — akaanza kwenda zake! Auleria, muuguzi wa mapokezi, ikabidi amkimbilie hadi getini.

Wa pili, mama mmoja, mkono umening'inizwa kwa kanga. Moja. Wa tatu, mama mwingine, jino, shavu limeumuka kama andazi. Moja! Nikamuuliza, mama, mbona umesema hujambo? Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. "Thatha mwanangu, nimeulizwa hujambo, nijibuje?"

Mezani kwa daktari hakikufika kitu. Katoka mwenyewe kuuliza kama leo wagonjwa wamegoma.

Halafu Mzee Mwishehe. Akakaa, akasoma, akasimama. Ana wajukuu, anasema, leo anaambiwa hujambo na kitu ambacho hata mwaka hakijamaliza! Nikaomba radhi kwa niaba ya kompyuta.

Mchana kutwa narekebisha. Wazee wapate shikamoo. Lakini lazima nijue umri. Niulize umri kwanza? Humuulizi mtu umri kabla ya kumsalimia. Nisalimie kwanza? Sijui umri. Nimezunguka mpaka kichwa kinauma. Mwisho nikaweka shikamoo kwa wote. Auleria akakaa kujaribu, ikamwamkia. Kanikazia macho: "Kwani mie na wewe tumepishana miaka mingapi?" Tangu hapo haongei na mimi.

Bwana Saifuddin kapiga simu kuuliza vipi. Nikamwambia salama.

Alhamisi, 18 Machi

Ya shikamoo yamekwisha. Sasa kompyuta inauliza: "Nikuamkieje?" Moja shikamoo, mbili hujambo. Kila mtu anajichagulia ukubwa wake. Kijana wa kitenge, leo amepata nafuu, kachagua shikamoo bila haya. Mzee Mwishehe kaitikia "Marahaba!" kwa sauti, kisha akaipapasa kompyuta kichwani.

Lakini wote bado hawajambo! Kila mmoja!

Dawa nimeipata kwa shangazi Hamisa, jana jioni Buguruni. Anachambua mchele. "Habari za kazi?" Nzuri, shangazi. Akatoa jiwe, akatupa. Akatoa jingine. Kisha, bila kuniangalia:

"Lakini?"

Basi nikamwaga yote. Kijana, kitenge, Auleria, saluni. Nililia kidogo. Nilipomaliza nikaruka kama nimekalia moto na kuuacha mchele umemwagika. Shangazi kaniita mwehu, nami sikumbishia.

Leo nimebadili njia. Ukibonyeza sijambo, huruki tena mwisho. Skrini inanyamaza kidogo. Halafu inatokea neno moja, Lakini?, na kisanduku cha kuandika. Huna la kusema, bonyeza Enta. Unalo, andika.

Ee Mola, kesho.

Ijumaa, 19 Machi

Naandika hapa hapa mapokezini, la sivyo nitazimia.

Wamefika wote. Wagonjwa ndio hawapo, ni saa ya sala. Daktari kasema turudi wiki ijayo. Bwana Saifuddin kasema hapana, mgonjwa atakuwa yeye, dakika moja inatosha.

Kakaa. Kachagua hujambo. Kabonyeza moja, kwa kidole cha mtu mwenye haraka zake.

Lakini?

Kageuka kunitazama. Nikamwambia, kama huna la kuongeza bonyeza Enta.

Hakubonyeza Enta.

Anaandika. Vidole viwili, polepole. Auleria kaleta chai, imepoa. Daktari alikuwa anaangalia saa, sasa haangalii. Labda anaandika barua ya kunifukuza!

"Najma." Sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake. Nikaenda.

"Kisanduku kimejaa. Kinaongezwaje?"

Nimekiongeza. Sikusoma. Haya, nimesoma mwanzo tu: *Usingizi sipati tangu*. Nikafumba macho, wallahi.

Daktari kaenda mezani kwake, ambako maneno yanafikia. Mlango kauacha wazi. Anasoma, mkono shavuni.

Habari za ajira yangu hakuna anayezikumbuka. Hata mimi naona haya kuuliza. Onyesho limekubali au limekataa?

Bado anaandika. Ananiita tena — kimejaa —