Maji Aliyokunywa Muindi

Athi River,
Agosti 1998

Kwa shemeji Nzioka,

Pokea salamu zetu sote. Huku baridi imetukalia, na kule Mwala mvua ilikatika mahindi yakitoa maua. Emily amebatizwa Jumapili, tulikukosa sana.

Ndugu yako Muindi haendi kazini tena. Unakumbuka lile tangi alilobuni la kusafisha maji machafu ya kiwanda cha ngozi: dawa inashusha uchafu chini, maji yanatoka juu yakiwa meupe kabisa. Wakubwa walipokuja kulikagua, mmoja alimuuliza, "Wewe unaweza kunywa hii maji?" Muindi akakinga glasi, akanywa yote. Sisi akina mama tuliokuwa nje ya ua tukapiga vigelegele.

Tangu hapo akawa anayanywa kila siku ili aaminike. Sasa amevimba miguu na uso. Daktari anasema figo zimekwisha, na kwamba sumu iliyobaki kwenye maji hayo haionekani kwa macho.

Lakini kinachommaliza zaidi si ugonjwa. Majirani huteka maji ya tangi hilo kwa mitungi, pale yanapotokea nje ya ua. Jana alijikokota hadi pale akawasihi waache.

"Baba Emily," mmoja akamjibu, "si wewe ulikunywa tukikuona? Na mfereji haina maji."

Wakajaza mitungi yao, wakaondoka. Muindi akarudi, akalala akitazama ukuta.

Njoo upesi, shemeji, angali anatambua watu. Mama usimwambie bado.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Peris