Kompyuta ya Likoni Ina Nafasi

Changamwe, Jumanne

Mkono ungali unauma. Nimempiga bosi ngumi ya mdomo, na wallahi sijuti.

Ofisi zetu tatu, Changamwe, Likoni na Kisauni, zimeunganishwa kwa simu. Programu niliyoitengeneza hujifunza yenyewe ni kompyuta ipi ina nafasi, kisha huipelekea kazi. Siku hizi zote kazi zinakwenda Likoni. Leo asubuhi bosi akacheka mbele ya watu: "Mashallah! Programu yako imeerevuka. Kumbe Likoni kuna nafasi tele!"

Nafasi! Ni ya Otieno, karani wetu wa huko. Alhamisi usiku wale wavamizi wanaowasaka watu wa bara walimkata mapanga mlangoni kwake, na kompyuta yake imebaki inawaka bila mtu. Programu haijui kifo. Inaona kompyuta isiyotumika, basi inaijazia kazi.

Nikamwambia hivyo bosi. "Aliyekufa keshakufa," akajibu. "Programu inafanya kazi, haifanyi?"

Ndipo ngumi ikatoka.

Kazi sina tena, najua. Si hilo linaloninyima usingizi. Nikichukua koti langu niliitupia skrini jicho: kazi zilikuwa zimeanza kumiminika Kisauni. Nikanyakua simu nimpigie Wanjiru, karani wa huko.

Ililia, ikalia. Hakuna aliyeinua.