Karatasi Ndani ya Kopo la Sukari

Bujumbura, Jumatano, alasiri. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, ikapumzika kidogo, na sasa inajikusanya upya upande wa milimani.

Mbele yangu ipo fomu ya shule. Ukurasa mmoja, Kifaransa chepesi, mistari ya kujaza. Shule inaomba ridhaa ya mzazi ili mwanangu Yusufu, mwenye umri wa miaka kumi, aonane na mshauri wa kisaikolojia kila Alhamisi, kuanzia kesho. Tangu bibi yake afariki mwezi wa Shaabani, Yusufu hajafungua daftari darasani. Hamsumbui mtu. Anakaa, anatazama dirisha.

Kazini nimezoea kusimama mbele ya wazazi mikutanoni na kuwaeleza, kwa sauti tulivu na hoja zilizopangwa, kwa nini fomu ya namna hii haipaswi kuogopwa. Kalamu nimeishika tangu saa nane. Sijaandika hata jina.

Kinachonizuia ni mstari wa sita: je, kuna mtu wa familia aliyewahi kupata huduma hii?

Yupo. Ni mimi.

Yusufu hajui. Hajui pia kwamba bibi anayemlilia hakunizaa. Mambo haya mawili yamefungwa kwa fundo moja. Siwezi kulifungua moja nikaacha la pili.

Nilikuwa na miaka tisa vita vilipofika kwetu Mutanga Sud. Siku yenyewe sitaieleza hapa. Itoshe kusema kwamba Mama Zaina, fundi cherehani aliyemshonea mama yangu nguo, alinikuta nimebaki peke yangu. Alinifunika kwa leso yake, tukatembea kwa miguu mpaka Buyenzi, kwake. Kila tuliposimamishwa na vijana waliofunga njia, alisema maneno yale yale: “Uyu ni wangu.”

Ah, Buyenzi ile! Naikumbuka kwa pua kabla ya macho: mafuta ya gari yaliyolowesha udongo, mandazi ya alfajiri, udi uliotoka kwenye milango ya Ijumaa. Nakumbuka adhana za misikiti kadhaa zikifuatana kwa tofauti ya pumzi chache, kama watu wanaopokezana mzigo. Mjini kwingine watu walikuwa wanahesabiana asili. Pale mtu aliulizwa kwanza kama amekula.

Lakini Buyenzi ni mtaa wa magereji, na magereji ni nyundo. Kila bati lilipogongwa, mimi nilikuwa chini ya kitu: meza, kitanda, dawati la shule. Nililala na viatu. Sikusema zaidi ya maneno matatu kwa siku. Baba Zaina alikuwa na gereji mbele ya nyumba. Bila kumwambia mtu, alianza kunyoosha mabati saa ambazo mimi nipo shuleni tu, wateja wake wakanung’unika mpaka wakazoea. Niliyatambua hayo nikiwa mtu mzima. Sikuwahi kumshukuru.

Ndipo shuleni kwetu alipoanza kuja mwanamke mmoja kila Alhamisi, kuzungumza na watoto waliopatwa na mambo. Alipewa chumba kilichokuwa stoo ya ramani na chaki. Wanafunzi walimwita Madamu Sikio. Mwalimu wangu aliandika jina langu kwenye orodha yake, nami nikapewa fomu ya kupeleka nyumbani.

Zaina, binti mkubwa wa nyumba ile, aliisoma kwa sauti na kuitafsiri. Jina la baba. Jina la mama. Uhusiano na mtoto. Mlima wa asili.

Alipofika hapo Mama Zaina aliinua mkono. “Basi. Rudisha hiyo karatasi.”

Wengine mtaani walikataa fomu zile kwa sababu waliogopa mtoto kuitwa mwendawazimu. Hofu ya Mama Zaina ilikuwa nyingine, na ilikuwa na haki kamili. Kwetu kila ukoo una mlima wake, na katika miaka ile jina la mlima lilitosha kumwambia msomaji wewe ni wa akina nani na utendewe nini. Kuandika mlima wangu wa kweli kulikuwa kuniweka mikononi mwa kila atakayeishika karatasi. Kuandika mlima wa uongo hakuweza. Kwenye vizuizi alikuwa ametamka lililobidi, na hilo alimwachia Mungu. Kuuandika uongo, kisha kutia jina lake chini, kwake lilikuwa jambo jingine.

Akaikunja fomu mara nne, akaiweka ndani ya kopo la sukari.

Bila ridhaa, Madamu Sikio hakuruhusiwa kunipokea. Alhamisi tatu nilikaa kwenye benchi nje ya stoo ile huku wenzangu wakiingia na kutoka. Hakuniuliza lolote. Alinisalimu, basi, na mlango aliuacha wazi kidogo pale alipokuwa hana mtoto.

Alhamisi ya nne Mama Zaina alikuja mwenyewe, amevaa leso mpya, karatasi mkononi ikiwa na chembe za sukari.

“Madamu, nakuheshimu,” alisema. “Lakini karatasi yako inauliza mutoto ametoka wapi. Ametoka kwangu, leo asubui, amekunywa chai. Ingine sina.”

Madamu Sikio aliitazama fomu kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akaukata mstari wa mlima kwa wino mzito hata maneno yasisomeke chini yake, na pembeni akatia sahihi yake mwenyewe, ili kosa, kama ni kosa, liwe lake. Mistari ya baba na mama akaipitishia wino ule ule.

“Na hapa, uhusiano na mtoto, niandike nini, mama?”

“Andika: anakula kwangu.”

Akaandika hivyo hivyo, kwa Kiswahili, katikati ya Kifaransa.

Mama Zaina akatia jina lake kwa herufi za Kiarabu, maana kuandika alijifunza madrasa tu. Direkteri wa shule, aliyekuwa akipita, akachungulia.

“Mama, hii si sinyatire. Nani ataisoma?”

“Direkteri wangu, Mungu anaisoma kila siku. Weye na diplome zako utashindwa?”

Direkteri akacheka, akaenda zake.

Nilidhani yamekwisha, nikasubiri kusukumwa ndani. Badala yake Mama Zaina alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

“Na weye, unataka?”

Tangu nitolewe kwetu, watu wengi walikuwa wameniamulia, na kwa wema: kaa hapa, kula, nyamaza, itika jina hili. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile.

Nikatikisa kichwa. Sitaki.

Aliyekuja kwa miguu juani, akiwa amepambana na hofu yake majuma yote yale, hakukasirika. Aliikunja karatasi, akamwambia Madamu Sikio: “Apana ni apana. Sinyatire iko. Siku atataka, nitaileta.” Ikarudi kwenye kopo la sukari.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu ridhaa. Mafunzo nimehudhuria, na mengine nimeyatoa mwenyewe. Sijakuta mahali ilipoelezwa vizuri kuliko pale, kwenye benchi la stoo.

Siku chache baadaye gurudumu la lori lilipasuka nje ya ukuta wa shule. Darasa zima lilishtuka, likacheka. Mimi nilibaki chini ya dawati mpaka kengele ya mwisho, na Zaina ndiye aliyekuja kunitoa. Alhamisi iliyofuata, mapema, niliamka kabla ya wote, nikafungua kopo la sukari, nikaichukua karatasi na kumwekea Mama Zaina mkononi.

“Vaa viatu twende,” akasema. Akanitazama miguuni. “Ee, kumbe umekwisha vaa.”

Kicheko kilinitoka puani. Nadhani kilikuwa cha kwanza tangu Mutanga.

Yaliyosemwa ndani ya stoo ile ni yangu na Madamu Sikio. Ninachotaka kukiandika ni sauti niliyoisikia kupitia mlango uliowekwa wazi kidogo: maharagwe yakianguka kwenye sinia. Mama Zaina alikuja na kazi yake ya jikoni, akakaa kwenye benchi, akachambua maharagwe mpaka nilipomaliza. Alhamisi ile na zote zilizofuata, hadi mwaka wa shule ulipoisha. Kila nilipofika mahali ambapo sauti ilinikauka, niliyasikiliza yale maharagwe.

Hizo ndizo Alhamisi ninazozikumbuka kwa hamu leo. Ni ajabu kuikumbuka kwa hamu miaka ambayo mji ulikuwa unajila wenyewe.

Saa kumi na moja na nusu. Nimerudi kwenye ukurasa huu wa daftari langu.

Yusufu alifika amelowa. Nilimpa taulo, mkate na chai, nikamwambia akae. Kisha nilimweleza yote kwa utaratibu, kama nilivyoyaandika hapo juu: Mutanga, leso, fomu, kopo. Nilijitahidi sauti isitetemeke, na sikufaulu.

Alitafuna mpaka nikamaliza.

“Najua, mama. Bibi aliniambia.”

“Alikwambia nini?”

“Yote. Na ya viatu.” Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. “Alisema usiulizwe. Alisema utasema siku utataka.”

Hata mimi, miaka yote hii, alikuwa ananisubiri.

Nikachuchumaa, ingawa magoti yangu si yale ya zamani. “Na weye, unataka?”

Alitazama dirisha, mvua ikiwa imeanza tena. Nilijiandaa kupokea hapana, na kuikunja karatasi bila kinyongo.

“Utakaa inje kama Bibi?”

“Nitakaa.”

“Basi mara moja tu. Nione.”

Mstari wa sita nimejibu: ndiyo, mama yake. Kwenye uhusiano na mtoto nimeandika “mama”, kisha pembeni, kwa Kiswahili, nimeongeza: anakula kwangu. Huenda katibu wa shule akaniita kuniuliza. Nitamweleza.

Kesho Alhamisi. Maharagwe nimekwisha kuyapima, na sinia la Mama Zaina nimelishusha kutoka juu ya kabati.